Sifuri ya skrini si sifuri ya chuma

Juzi nimeletewa tena gia iliyovunjika meno, na karatasi ya vipimo, na kauli ile ile: "Boroni haimo, mashine imesoma sifuri." Mashine gani? Bunduki ya eksirei, kifaa cha mkononi cha kupimia elementi zilizomo kwenye chuma. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, naliandika.

Bunduki ya eksirei haioni boroni. Haioni hata kaboni. Eksirei za elementi nyepesi ni dhaifu mno, humezwa na hewa na kidirisha cha bunduki kabla hazijafika kwenye kihisio. Kwa kromi, nikeli na molibdeni naitumia kila siku, na naiamini. Kwa boroni, kuiuliza ni kumuuliza aliyefungwa kitambaa machoni ukuta una rangi gani.

Boroni ni kazi ya spektromita ya cheche, mashine inayopiga cheche kwenye chuma na kusoma mwanga wake, au uyeyushe chuma kwa asidi upime kwa plazima, yaani gesi yenye joto kali mno. Cheche huhitaji gesi safi ya agoni, kwa kuwa mistari tunayoitafuta iko mbali kwenye urujuanimno (fosforasi nanomita 178.3, boroni 182.6, kaboni 193.1), na oksijeni ya hewa huumeza mwanga huo. Doa la cheche likitoka jeupe, usisome. Sugua, piga upya.

Ila hata cheche ina kikomo, na hapa ndipo ninapokasirika. Chuma cha boroni huwa na takriban asilimia 0.0005 hadi 0.003 tu, na kiasi hicho chatosha kuufanya ugumu upenye ndani kipande kinapopozwa ghafla. Piga cheche mara kumi kwenye chuma kisicho na boroni, zidisha mtawanyiko wa majibu kwa tatu: hicho ndicho kikomo chako. Chini yake mashine haijasema "hakuna", imesema "siwezi kutofautisha". Andika "chini ya" na utaje namba. Ni hivyo hivyo kwa bati, aseniki na antimoni, ambazo pamoja na fosforasi hujikusanya kwenye mipaka ya chembe zinazounda chuma, pale chuma cha aloi kinapokaa au kupoa polepole kati ya nyuzi 575 na 375 za Selsiasi, kikawa chepesi kuvunjika.

Na msasa wa kusugulia kipande kabla ya cheche! Wa oksidi ya alumini huacha alumini, wa kabaidi ya silikoni huacha silikoni. Ukitafuta alumini kidogo, tumia usio na alumini ndani yake.

Shaka yangu yenyewe iko hapa: boroni iliyoshikwa na nitrojeni haisaidii ugumu, na jibu la cheche halinitenganishii vizuri iliyo huru na iliyofungwa. Asidi nayo huweza kuiacha nitridi ya boroni (hiyo iliyofungwa) bila kuyeyuka. Nimewahi kupata asilimia 0.0019 kwa cheche na 0.0014 kwa asidi, kipande kile kile. Mteja alitaka namba moja. Niliandika zote mbili, kila moja na njia yake.

Gia ya juzi nitaikata kwanza na kupima kiini, kwa sababu ngozi yake, yaani tabaka la juu, imeongezwa kaboni na cheche ikipigwa juu itapima ngozi hiyo.