Nyumba yenye simanzi na maneno yake

Kila mwanafunzi wangu wa Kiingereza anayefika ngazi ya juu huja na daftari lile lile. Ndani mna orodha ndefu: "gloomy", -enye huzuni, "dreary", -enye huzuni, "melancholy", -enye huzuni. Maneno matatu, maana moja, na hajui atumie lipi wapi. Daftari hilo huwa naomba tuliweke kando, tufungue hadithi fupi ya kutisha ya karne ya 19.

Chukua sentensi ya kwanza ya "The Fall of the House of Usher", aliyoitoa Edgar Allan Poe mwaka 1839. Mtu yuko juu ya farasi, peke yake, jioni inaingia. Siku ni "dull", "dark", tena "soundless". Mawingu yananing'inia "oppressively". Nchi anayoipita ni "dreary", na nyumba inayojitokeza mbele yake ni "melancholy". Sentensi moja tu hiyo! Sasa tofauti zinaonekana. "Dull" ni mwanga uliofifia. Ndani ya "oppressively" mna kitenzi cha kugandamiza, kwa hiyo mawingu yanamlemea mpanda farasi kama mzigo. "Dreary" ni ukiwa wa mahali pasipo na cha kumliwaza mtu. "Melancholy" ni simanzi, hali ya moyo wa binadamu, lakini Poe ameivisha nyumba. Ukishaona jengo lenye simanzi, hulichanganyi tena neno hilo na wenzake.

Mrundikano huo ni wa makusudi. Mwaka 1842, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, Poe alishikilia kwamba hadithi fupi isomwe kwa kikao kimoja, na kila neno litumikie athari moja aliyoikusudia mwandishi. Yeye alikuwa akitetea sanaa yake. Mimi mwalimu nanufaika kwa namna nyingine: visawe vinakuja kwa ukoo mzima, kila kimoja na kazi yake.

Charlotte Perkins Gilman hata anakupimia uzito. Katika "The Yellow Wallpaper" ya mwaka 1892, rangi ya karatasi za ukutani ni "repellent, almost revolting". Neno la kati, "almost", linakuonyesha kwamba la pili ni kali kuliko la kwanza. Kamusi nyingi zingekupa "-a kuchukiza" kwa yote mawili.

Wengi huogopa maneno marefu yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, ambayo hadithi hizi zimejaa. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa. Sisi tuna uso na wajihi, moyo na kalbi, na hakuna aliyewahi kwenda hospitali kupimwa kalbi. Tunajua, bila kufundishwa, lipi ni la kila siku na lipi ni la utenzi. "Face" ni uso. "Countenance" ni wajihi.

Hata unyambulishaji unatusaidia. Katika "The Cask of Amontillado", hadithi nyingine ya Poe ya mwaka 1846, msimuliaji anapiga hesabu ya kisasi chake: "A wrong is unredressed when retribution overtakes its redresser." Inatisha kwa macho. Lakini shina ni "redress", kufidia dhuluma. Limevikwa viambishi, mara dhuluma isiyofidiwa, mara mwenye kuifidia. Ndivyo tunavyotoka lipiza hadi mlipizaji na kisicholipizwa.

Tahadhari moja: maneno huzeeka. "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, 1902, inaanza na "Without", kwa maana ya nje. Mwanafunzi wangu mmoja alilipenda mno, akamwandikia mgeni wa ofisi asubiri "without". Mgeni akauliza, bila nini? "Singular" nalo huko mara nyingi ni -a ajabu, si umoja wa sarufi. Maneno ya aina hii yaelewe, uyaache hukohuko yaliko.

Kwa kusoma kwenyewe: mara ya kwanza usiguse kamusi, ufuate hofu tu. Mara ya pili chagua maneno yasiyozidi kumi, na kila moja uliandike pamoja na jirani yake. "Impunity" peke yake haikusaidii. Huyo bwana wa kisasi anataka kuadhibu "with impunity", bila yeye kuguswa, na maneno hayo mawili karibu daima huandamana. Hadithi zote nilizozitaja zinapatikana bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni.

Ila usianze na Usher, utachoka njiani. Anza na "The Tell-Tale Heart" ya Poe huyo huyo, ya mwaka 1843, yenye sentensi fupi za mtu anayehema. Muuaji anasisitiza kwamba hana wazimu, na mapema kabisa anajisifu kwa "dissimulation" yake, yaani ustadi wa kuficha kilichomo moyoni. Litie alama neno hilo. Mwishoni, polisi wakiwa wameketi wanapiga soga, anasadiki kwamba wamekwisha kujua na wanamcheza shere, anapiga kelele: "dissemble no more!" Ni ukoo ule ule wa neno. Sifa aliyojivika mwenyewe ameigeuza tusi akawatupia wao, kisha anawaambia wang'oe mbao za sakafu.