Kisima na choo juu ya mwamba mmoja: kwa nini kipindupindu hakikomi Lusaka

Anayechimba choo Kanyama, mtaa mkubwa wa watu wa kipato cha chini jijini Lusaka, mji mkuu wa Zambia, hafiki mbali. Sururu inashuka kidogo tu, kisha inagonga mwamba. Ni dolomaiti na mawe ya chokaa, yaliyoliwa na maji kwa miaka mingi hadi yakajaa nyufa na mifereji. Shimo linaishia hapo, au choo kinainuliwa kwa matofali juu ya ardhi. Mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea, maji yanajaa juu ya mwamba na kuingia shimoni, na kilichomo kinaelea uani.

Sisi wa afya ya umma tumezoea kufundisha kwamba kisima kiwe mita 30 kutoka chooni. Kanuni hiyo inafaa penye udongo mzito, kwa sababu udongo huchuja vijidudu polepole. Mwamba wenye nyufa hauchuji kitu, maji machafu yanapita humo kama kwenye bomba. Tena viwanja vya Kanyama ni vidogo, na familia kadhaa za wapangaji hutumia choo kimoja, hivyo hizo mita 30 hazipo. Kumwambia mama wa hapo anawe mikono ni sawa, lakini kumfanya aamini kwamba ugonjwa umetokana na uchafu wake ni kumwonea.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2023 ndio mbaya zaidi Zambia iliyowahi kuushuhudia: wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 700. Uwanja wa mpira wa National Heroes uligeuzwa kituo cha matibabu, na shule zilizokuwa zifunguliwe Januari 2024 zikasubiri hadi Februari. Malawi ilikuwa imetoka kupoteza watu zaidi ya 1,700 katika mlipuko ulioanza Machi 2022. Penye matibabu ya haraka, kipindupindu hakipaswi kuua hata mgonjwa 1 kati ya 100. Katika nchi hizi mbili kiliua kama 3, na Zambia sehemu kubwa ya waliofariki walifia nyumbani au walifikishwa kituoni wakiwa wameshakata roho.

Saa ndizo zinazoua. Mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza karibu lita moja ya maji kila saa, kwa choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, mara nyingi bila homa na bila tumbo kunyonga sana. Kwa sababu hiyo wenyeji huona ni kuharisha kwa kawaida, wakasubiri kukuche. Mbane ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha uachie: ikibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa, macho yamezama na mkojo umekatika, huyo hasubiri asubuhi.

Njiani anywe. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Kosa tunaloliona sana ni kuimimina yote kwenye chupa ya soda ya nusu lita: chumvi inazidi maradufu na mtoto anaweza kudhurika. Pakiti ikikosekana, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Sukari hapo si ya ladha. Ndiyo inayoivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji yanafuata chumvi. Mlango huo kipindupindu hakiufungi, ndiyo maana kinywaji hiki kinafanya kazi hata wakati mgonjwa bado anaharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kituoni, aliyekauka kabisa anahitaji dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvi za mwili yanayopitishwa kwenye mshipa, ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 50 ni lita 5 ndani ya saa 3: lita moja na nusu katika dakika 30 za kwanza, zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa polepole zaidi, kwa saa 6. Wahudumu wapya huogopa kasi hiyo, wakaacha dripu idondoke tone kwa tone kama ya malaria, na mgonjwa anafia kitandani huku chupa bado imejaa. Dripu ya glukosi tupu haifai, haina chumvi alizopoteza.

Sasa maji. Klorini inaua kijidudu cha kipindupindu bila shida, lakini haiwezi tope. Maji yenye tope yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa kizito kilichokunjwa, ndipo utie dawa kwa kipimo cha kwenye kifungashio na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Yawe na harufu hafifu ya klorini. Yasiponukia kabisa, dawa imeisha nguvu au imemezwa na uchafu. Halafu chombo: maji salama kutoka gati la maji, yaani kituo cha kuuzia maji ya bomba, huharibika nyumbani kwa kikombe kimoja kilichozamishwa kwenye ndoo iliyo wazi. Dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki na mfuniko huondoa tatizo hilo. Na pale gati linapofungwa jioni, au hela ikipungua, familia hununua maji ya kunywa tu na kuosha vyombo kwa ya kisima kifupi. Sahani ikibaki na unyevu wa maji hayo, ugonjwa umeshaingia ndani.

Chanjo inasaidia, na Zambia ilipokea zaidi ya dozi milioni 1 Januari 2024. Lakini tangu Oktoba 2022 uhaba wa chanjo duniani umelazimisha dozi moja badala ya mbili, na kinga ya dozi moja hukaa kwa muda mfupi zaidi, hasa kwa watoto wadogo.

Linalobaki ni shimo lenyewe. Gari la kunyonya halipiti vichochoro vya Kanyama, na likipita, mpira wake huzibwa na nguo kuukuu, plastiki na nepi zilizotupwa chooni. Ndiyo maana huko kumekuwa na huduma ya vijana wenye reki za mpini mrefu, wanaovuta kwanza takataka, kisha kuchota kinyesi na kukijaza kwenye mapipa yenye mifuniko. Kazi hiyo inafaa ifanyike Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu na maji yameshuka. Wateja wengi huita Januari, shimo likiwa tayari limefurika, na wapangaji ndio huachiwa gharama na mwenye nyumba anayeishi mbali. Halmashauri inayotaka kupunguza vifo vya msimu ujao ingeanza kwa kumdai huyo mwenye nyumba risiti ya kutapisha choo kabla Oktoba haijaisha.