Rovu si amri ya kuongeza chumvi

"Ongeza chumvi." Mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, huambiwa hivyo, awe Arua au Kasese hapa Uganda, na mara nyingine anayemwambia amevaa koti jeupe. Nimechoka kuusikia ushauri huu, kwa sababu kuna watu unaowaumiza.

Chanzo cha ushauri huu kinajulikana: rovu huletwa na uhaba wa madini joto (ayodini), na siku hizi hayo hutiwa kwenye chumvi. Mwaka 1991, karibu watoto watatu kati ya kila wanne wa shule waliopimwa Uganda walikuwa na rovu. Mvua za Rwenzori, Elgon na Kigezi zimeosha madini joto kwenye udongo tangu zama na zama, na kinachoota hapo hakina cha kumpa mlaji. Muhogo usiolowekwa vizuri huzidisha shida: sumu yake ikiingia mwilini hugeuka kemikali iitwayo thayosayaneti, na hiyo hugombania mlango uleule unaoingiza madini joto kwenye tezi. Serikali ikaagiza chumvi yote ya kula itiwe madini joto. Kwa kuwa nyingi hutoka Kenya, ilitosha kubana mpakani, na kazi ikafanikiwa: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2011 uliikuta chumvi hiyo karibu katika kila nyumba.

Sasa linalonikera. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watoto wa shule walipimwa tena. Wenye rovu walikuwa bado kama 60%. Mkojo wao, hata hivyo, ulikuwa na kiwango cha kati cha maikrogramu 310 za madini joto kwa lita. WHO huhesabu 100 hadi 199 kuwa kiwango cha kutosha, na kuanzia 300 kuwa kimepita kiasi. Watu wakiona namba hizo mbili pamoja hudhani mojawapo imekosewa. Zote zinawezekana kwa wakati mmoja. Mkojo husema ulichokula jana; shingo husema ulichokosa miaka nenda rudi. Tezi yenye njaa hupanuka ili ikamate kila chembe inayopita. Mtoto akianza kupata madini joto, tezi yake hunywea taratibu, kwa miezi mingi, pengine miaka. Ya mtu mzima imeshajaa vinundu na makovu. Hiyo hainywei hata umlishe gunia zima.

Vinundu hivyo ndivyo vinavyonitia hofu. Baadhi huacha kutii TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi, vikajitengenezea homoni kivyake. Wakati wa uhaba hukosa malighafi, vikatulia. Ukivimwagia madini joto ghafla, vinaanza kufurisha homoni: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda na huku anakula vizuri. Kwa mzee, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika kabisa, na hapo ndipo watu hufa. Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo, ziliyaona haya miaka ya 1990, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea. Sisemi chumvi ile iondolewe, hata kidogo. Ubongo wa mtoto aliye tumboni unaihitaji, na akiikosa hasara haifutiki. Nasema tu kwamba kinga ya taifa isigeuzwe tiba ya shingo ya mtu mmoja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi ikiwa na miligramu 30 kwa kilo, gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, zinatoa 150. Anayekula gramu 10 ameshafika 300, na presha anaitafuta. Mjamzito asiyefikia kiwango chake hupewa vidonge, haambiwi alambe chumvi.

Mwenye rovu aanze na TSH. Ikiwa chini, apimwe T4, homoni ya tezi yenyewe, na asiguse nyongeza yoyote ya madini joto. Ikiwa sawa au juu, aende ultrasaundi. Kinundu kigumu, kinachokua haraka, au kilichokuja na sauti ya kukwaruza, kitolewe sampuli kwa sindano. Mkojo wa mtu mmoja usipimwe kabisa: leo unaweza kusoma 80, kesho 250. Kiwango cha kati ni cha kundi.

Hata zile asilimia za rovu nazishika kwa tahadhari. Kanuni ya kupapasa inasema tezi ni kubwa kama kila upande wake unazidi kipande cha mwisho cha kidole gumba cha mtoto mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka sita kipande hicho ni kidogo sana, na wapimaji wawili wazoefu hutofautiana juu ya shingo moja. Anayeniambia rovu limeshuka kwa 3% kwa kutumia vidole, simsikilizi.

Kuhusu chumvi ya Katwe, ziwa la chumvi la magharibi mwa Uganda, yale mabonge ya kijivu wanayolambishwa ng'ombe, na ambayo wengine huyapikia: nyingi haitiwi madini joto. Ukiipima kwa tone la dawa inayogeuza chumvi yenye madini joto kuwa ya buluu, usiamini jibu la mara ya kwanza. Chumvi yenye magadi huzuia rangi ya buluu isitokee hata madini joto yakiwemo, kwa hiyo dondoshea kwanza ile dawa ya pili ya kipimo hicho, yenye tindikali, kisha rudia tone. Buluu ikitokea, umejua yamo tu; kiasi gani, hilo ni la maabara. Na mwenye duka aliyeacha gunia wazi kwenye unyevu, madini joto yake yanavuja na maji chini ya gunia, hata kama mfuko umeandikwa yamo.