Je, wajua kwa nini pikapu ya otomatiki hutetemeka kwenye 70 kisha ikatulia?

Ukitoka Usa River kwenda Moshi, mwendo wako unapangwa na askari wa tochi. Kijijini 50, ukitoka unapanda taratibu, 70, 75, mara kibao kingine cha 50 hiki hapa. Ni kwenye hiyo 70, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, ndipo pikapu yangu ya dabo kebini ilipokuwa ikitetemeka. Sekunde mbili, tatu. Kama vile unapita juu ya yale matuta madogo madogo yanayotangulia tuta kubwa, ila lami ilikuwa safi kabisa. Nikikanyaga zaidi, inaacha. Nikiachia, inaacha.

Nikasema injini inamisi, yaani kuna silinda inayokosa kuwaka. Nilibadilisha plagi zote, halafu koili moja, halafu nikafanya wili balansi, na fundi wa pili akanishauri tuangalie mauntini za injini. Kila fundi alilijaribu gari asubuhi, injini ya baridi, akazunguka Majengo kidogo na kurudi akifuta mikono: "Mangi, gari yako nzima hii." Na ilikuwa nzima kweli, mpaka nilipokaribia Bomang'ombe.

Kosa langu lilianza kabla ya plagi, kwenye maneno niliyoyasikia hata sijapata leseni: gari la otomatiki halina klachi, kile kifaa cha kuunganisha na kutenganisha injini na gia. Kisichokuwepo ni pedali ya klachi. Klachi zenyewe zimejaa tele. Ndani ya gia boksi kuna mafungu ya sahani nyembamba zinazobanwa na kuachiwa kwa shinikizo la oili kila gia inapobadilika, na katika magari mengi ya miaka hii kuna klachi nyingine peke yake, imejificha mbele kabisa, ndani ya konveta. Mimi nilikuwa namtafuta mwizi nyumba nzima, isipokuwa kwenye chumba nilichoambiwa hakipo.

Konveta ni mfano wa chungu cha chuma kilichofunikwa na kuchomelewa kote, kimejaa oili, kimekaa kati ya injini na gia boksi. Asili yake ni melini: Mjerumani Hermann Föttinger aliipatia hataza mwaka 1905, akitafuta namna ya kuunganisha mitambo ya meli na rafadha, yaani pangaboi inayoisukuma meli. Kazi yake ukitaka kuiona, koroga chai. Kijiko kinazungusha chai, chai inazungusha majani yaliyo chini, na kijiko hakijayagusa majani hata kidogo. Injini ndiyo kijiko. Gia boksi inaendeshwa na majani. Ndiyo maana ukisimama kwenye mataa ukiwa kwenye D, umekanyaga breki, injini haizimi: majani yameshikwa, chai inaendelea kuzunguka. Katikati kuna gurudumu la tatu linaloigeuza oili inayorudi ili isipingane na injini, na kwa sababu hiyo gari linapoanza kuondoka nguvu ya mzunguko inaweza kukaribia mara mbili. Hilo peke yake lingetosha kwa makala nyingine.

Ila chai haiwahi kukifikia kijiko. Majani hubaki nyuma kidogo, na kule kubaki nyuma ni mafuta unayolipia yakageuka joto. Kampuni ya magari ya Packard ya Marekani iliweka dawa yake mwaka 1949: gari likishatulia kwenye mwendo, klachi ndani ya konveta inabana, na injini na gia boksi vinazunguka kama kitu kimoja. Miaka ya mwishoni mwa 1970, mafuta yalipokuwa ghali, mtindo huo ukaenea.

Na hapa ndipo pananifurahisha kuliko ilivyo kawaida kwa mtu mzima. Uso wa klachi hiyo, kwenye magari mengi, ni karatasi. Si ya daftari, ni nyuzinyuzi zilizoshikwa kwa gundi ngumu, lakini ukoo wake ni ule ule. Pikapu ya tani mbili, na mikungu ya ndizi juu yake, inavutwa na karatasi iliyoloa oili.

Sasa buruta kiti cha mbao kwenye sakafu ya saruji. Ukikisukuma polepole hakitelezi, kinaruka: kinakwama, kinachomoka, kinakwama tena, na nyumba nzima inasikia. Chaki ubaoni hufanya hivyo hivyo. Chanzo ni kwamba vitu viwili hushikana zaidi vinapokuwa karibu kusimama kuliko vinapoteleza kwa kasi. Oili ya gia boksi, ile nyekundu ambayo madukani huitwa haidroliki, imetiwa viungo vya kugeuza tabia hiyo: kadiri sahani zinavyoteleza kwa kasi, ndivyo zinavyoshikana zaidi. Hapo klachi inabana bila kelele. Viungo vikichoka, au maji yakiingia kutoka kwenye rejeta iliyotoboka ndani, sahani zinarudia tabia ya kiti. Zinakwama na kuchomoka mara nyingi ndani ya sekunde moja, na wewe unasema injini inamisi.

Kwa nini 70? Namba hiyo hutofautiana kati ya gari na gari. Lakini mwendo wa kati na mguu mwepesi ndipo kompyuta huifunga klachi, tena mara nyingine huiacha iteleze kidogo kwa makusudi. Ukikanyaga sana inaiachia. Na oili ikiwa baridi kwa kawaida haiifungi kabisa, kwa hiyo wale mafundi wangu wa asubuhi hawakunidanganya.

Kuna jaribio: barabara imenyooka, nyuma hakuna mtu, gari linatetemeka, gusa breki kidogo mno huku mafuta ukiyashikilia. Swichi ya breki huiamuru klachi iachie. Mtetemo ukikatika papo hapo, mshuku konveta. Mshuku tu, kwa sababu injini inayomisi kweli nayo husikika zaidi klachi ikiwa imefungwa, maana ile chai iliyokuwa ikimeza mishtuko haifanyi kazi tena. Pima injini kwa mashine kwanza.

Pikapu huumia zaidi kwa sababu ya kazi zake. Ukipanda Kibosho na mifuko ya saruji, mwendo wa kinyonga, klachi haijafungwa na oili inachemshwa njia nzima. Gerejini utaambiwa oili ya zamani usiiguse, ukiibadilisha gia boksi inakufa. Visa vipo, lakini mara nyingi ni magari yaliyokuwa tayari yanateleza gia, na oili mpya ikabebeshwa lawama.

Yangu ilitoka rangi ya kahawa, na fundi wa tatu aliinusa kwanza kabla ya kusema lolote. Haikunuka kuungua. Ingekuwa imeungua, ingebidi konveta ikatwe kwenye mashine ya kukerezea au inunuliwe nyingine. Tulimwaga, tukajaza, nikaendesha wiki moja, tukamwaga tena, kwa sababu ukifungua nati ya chini oili nyingi hubaki ndani ya konveta. Baada ya mara ya pili mtetemo ukaisha. Plagi za zamani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, bado ziko kwenye kopo la maziwa chini ya kiti cha nyuma.