Mnasihi mwanafunzi na mzigo wa mteja: ushushwe wapi?

Kinachomchosha mwanafunzi wa unasihi, yaani ushauri nasaha, anapoanza mafunzo kwa vitendo si uzito wa habari anazosikia. Ni kukosa mahali pa kuzishusha. Saa tatu anamsikiliza mama aliyefiwa na mtoto, saa nne anaingia kijana anayetaka kujidhuru, saa tano ni ndoa inayovunjika kwa ugomvi wa fedha za korosho. Jioni anapanda bodaboda kurudi Chikongola, mjini Mtwara, na yote matatu yamo kifuani. Baada ya wiki chache anaanza kuamini kazi hii haimfai, kumbe hajafundishwa kufunga kikao.

Kikao cha kawaida huchukua dakika 50. Zile 10 zinazobaki si za kumwongezea mteja wala za kujibu ujumbe wa simu. Kwanza kaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu, mgongo uegemee kiti, kisha taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona: feni, kalenda, pazia, kikombe, kitasa cha mlango. Halafu pumua: vuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara 6 hadi 8. Hapa wengi hukosea. Wakisikia "vuta pumzi ndefu" huvuta kwa nguvu na kwa haraka, wakatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Kichwa huwa chepesi, vidole huanza kufa ganzi, nao hudhani hofu imezidi. Tia mkazo kwenye kutoa. Pumzi inapotoka taratibu ndipo mapigo ya moyo hutulia.

Dakika 5 zinazofuata ni za kuandika. Kumbukumbu za mteja zina faili lake na kabati lenye kufuli. Daftari la kupeleka kwa msimamizi, yaani mnasihi mzoefu anayekuongoza, ni jingine kabisa, halina jina la mtu wala kijiji chake, na kwa kila kikao linatosha kubeba mambo matatu: kilichonigusa, mwili wangu ulifanya nini, na nilitamani kufanya nini. Kwa mfano: "Alipotaja nguo za mtoto, koo lilinikaba. Nikabadilisha mada." Sentensi mbili hizo zina faida kuliko kurasa nne za kusimulia kisa, kwa sababu zinaonyesha pale ambapo mwanafunzi alijikinga yeye badala ya kumsikiliza mteja. Ukimaliza, nawa uso, kunywa maji, nyoosha miguu hadi mlangoni.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alieleza kwamba mnasihi huingia katika dunia ya mteja kana kwamba ni yake, bila kulipoteza lile "kana kwamba". Mafunzo yote ya kujitunza yamelala kwenye maneno hayo mawili. Ukijikuta usiku unapanga namna ya kumlipia mteja kodi ya chumba, au umempa namba yako binafsi akupigie wakati wowote, "kana kwamba" imeshakuponyoka. Usijilaumu, lakini lifikishe kwa msimamizi wiki hiyo hiyo.

Usimamizi wenyewe uwe na ratiba. Uingereza, chama cha wanasihi cha BACP huwataka hata wanasihi waliothibitishwa wapate angalau saa moja na nusu kila mwezi. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni saa moja kila wiki, na wateja wasizidi watatu kwa wiki hadi mkono uzoee. Asiyepewa msimamizi asikubali wateja. Tunalisema hili kwa msisitizo, maana wanafunzi wenye moyo mwema ndio hulipuuza.

Kisha kuna udogo wa miji yetu. Mtwara au Lindi huwezi kumaliza wiki bila kukutana na mteja sokoni, msibani au kwenye pantoni ya Msangamkuu. Yazungumzeni kikao cha kwanza: "Tukikutana nje sitakuanza kwa salamu. Ukinisalimia nitaitikia kama jirani, na hapa hatutapataja." Mteja anapumua, nawe hutalazimika kujificha kila ukienda kununua samaki. Nyumbani nako wataulizia. Watu wa kusini wanajua kwamba ya unyagoni hayatolewi nje, basi jibu fupi hueleweka: "Kazi ya leo ilikuwa nzito, naomba nikae kimya kidogo." Umesema hali yako, hukusema habari ya mtu.

Usiri huo una mpaka, na mteja auelezwe mapema. Mtu akiwa na mpango wa kujiua, au mtoto akiwa anafanyiwa ukatili, mwanafunzi asilale na jambo hilo peke yake. Msimamizi aambiwe siku ile ile, kabla ya kutoka kazini. Kwa mtoto ipo pia namba ya bure ya simu ya msaada, 116.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, wateja wengi hukosa vikao kwa sababu wako shambani. Usiuchukue kama kushindwa kwako. Panga likizo yako humo.

Dalili za kuchunga kwamba kazi imekulemea si machozi. Chunga zaidi unapofurahi mteja asipokuja, unapochelewa kila mara kwa mteja yule yule, unapowafokea wa nyumbani kwa jambo dogo, au habari za kutisha zinapoacha kukugusa kabisa. Usingizi ukiharibika na moyo ukawa mzito siku nyingi kwa wiki mbili mfululizo, muone mtaalamu. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Ukihofia kukutana na wanafunzi wenzako hapo, nenda ya mkoa wa pili, ni safari ya kilomita mia na ushei tu.

Ukilazimika kupumzika, wateja waambiwe na wewe mwenyewe, wiki mbili kabla ikiwezekana: unasimama lini, nani atawapokea, na kwamba hawakufanya kosa lolote. Hawahitaji kujua unaumwa nini.