"Huishika pia": pia ya kusokotea uzi ni kitu gani?

Huku kwetu Dodoma, Mithali sura ya 31 husomwa sana: harusini, kwenye ibada za akina mama, na hata msibani mama mtu mzima anapoagwa. Msomaji akifika mstari wa 19, pale mke mwema anapotia mikono yake katika kusokota na mikono hiyo "huishika pia", mara nyingi sauti hushuka kana kwamba hiyo ni pia ya "mimi pia" au "wewe pia". Kisha anaendelea na mstari wa 20, na waumini hawajui kwamba wamepitwa na chombo kizima cha kazi.

Pia hapo ni jina la kitu. Ile -i- iliyomo katika "huishika" inaisimamia pia yenyewe: mwanamke ameishika pia mkononi. Na pia hiyo ni ndugu wa ile wanayochezea watoto, iliyochongwa kwa mti, yenye ncha chini, inayozungushiwa kamba na kutupwa chini ikazunguka. Tofauti ni kwamba ya mtoto huzunguka juu ya ardhi, na ya msokotaji huzunguka ikiwa hewani, ikining'inia kwenye uzi uleule inaoutengeneza.

Kwa umbo ni kitu chepesi kueleza. Kuna kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa sentimita 25 hivi au 30, na kisahani cha mbao kilichotobolewa katikati na kupachikwa kwenye kijiti hicho. Juu kuna ndoano ndogo ya waya au mkato wa kushikia uzi. Kisahani kinaweza kukaa karibu na ncha ya juu au ya chini, kila msokotaji na mazoea yake. Basi, ni hivyo tu.

Kazi yake ndiyo inayohitaji maelezo. Chukua pamba kidogo, uivute polepole kwa vidole: inaachana bila ubishi. Rudia, lakini safari hii uisokote huku ukiivuta. Haikatiki tena kirahisi, kwa sababu nyuzinyuzi zimezungukana na kubanana, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kukazana. Uzi wowote unaoujua, wa shati au wa kanga, umeshikwa na msokoto huo, si na gundi. Waliowahi kuwaona wazee wakitengeneza kamba kwa magome ya mbuyu wanalijua jambo hili: nyuzi za gome hulazwa pajani, kiganja kinazisukuma, kamba inajikaza. Paja linatosha kwa kamba ya kufungia ndama. Kwa uzi mwembamba wa nguo, unaohitaji misokoto mingi katika kila sentimita, kiganja kingechoka kabla ya adhuhuri. Pia hupewa msukumo mmoja wa vidole, nayo hujizungusha yenyewe makumi ya mara.

Msokotaji hufunga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, anaupitisha kwenye ndoano, anaunganisha ncha yake na fungu la pamba au sufu iliyochanwa vizuri, anaizungusha pia na kuiachia ining'inie. Mkono wa juu unatoa nyuzinyuzi kidogo kidogo, na msokoto unazipandia. Uzi unarefuka, pia inashuka. Ikikaribia sakafu anaisimamisha, anauviringisha uzi uliopatikana kwenye kijiti, anaurudisha kwenye ndoano na kuanza upya. La kuchunga ni upande wa mzunguko. Ukianza kuzungusha kuume, uendelee kuume mpaka mwisho. Pia ikiachwa ikasimama, itaanza kurudi nyuma, uzi utafumuka na pia itaanguka.

Sasa kisahani. Hapo ndipo ufundi wa seremala unapoonekana, na ndipo ninapoona pia ya mkono inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Uzito ukikaa mbali na kijiti, yaani kisahani kikiwa kipana, pia huzunguka taratibu lakini kwa muda mrefu. Uzito uleule ukikusanywa karibu na kijiti, huzunguka kasi na kuchoka mapema. Kwa sufu, pia ya gramu 20 mpaka 40 hufaa, kwani nyuzinyuzi zake ni ndefu na zinashikana haraka. Pamba ina nyuzinyuzi fupi, karibu sentimita 3 tu, na pia nzito huukata uzi kabla haujakazika. Hiyo inataka pia nyepesi na yenye kasi, na wasokotaji wengi wa pamba huisimamisha ncha kwenye kibakuli kidogo badala ya kuiachia hewani.

Mti pia una neno lake. Mpingo, unaoota katika nchi kavu kama hii yetu, ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo kisahani chake huwa kidogo. Mbao nyepesi hutoa kisahani kipana kwa uzito huohuo. Vyovyote iwavyo, tundu lisipokuwa katikati kabisa, pia itayumba na uzi utatoka na mafundo. Na kijiti kipigwe msasa mpaka kisishike hata unyuzi mmoja.

Kwa sufu, usiende kuitafuta kwenye mnada wa Msalato. Kondoo wetu wenye mikia ya mafuta wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokotwa. Malighafi yetu ni pamba, na hiyo inalimwa mpaka kwa jirani zetu wa Singida.

Wala chombo hiki si kigeni katika nchi yetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua Kilwa walikuta visahani vya pia vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu, vikaviringwa na kutobolewa katikati. Katika karne ya 19 watu wa Ufipa na Unyamwezi walikuwa bado wakifuma nguo za pamba. Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, ilikuwa njia ya misafara, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ambayo sehemu kubwa ililipwa kwa nguo: kaniki, na merikani iliyochukua jina la nchi ilikotoka. Uzi wa merikani ulikuwa umesokotwa viwandani, na mashine hizo nazo zilikuwa na pia, mamia kwa safu, zikizungushwa kwa nguvu ya maji au mvuke. Hata kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilisokota uzi kwa kanuni hiyohiyo: kuvuta, kusokota, kuviringisha.

Uzi unaotoka kwenye pia mara ya kwanza una tabia ya kujikunja ukilegezwa, maana msokoto unatafuta pa kutokea. Dawa yake ni kuchukua nyuzi mbili za namna hiyo, kuziunganisha kwenye pia, na safari hii kuzungusha kushoto. Misokoto miwili inavutana, kila mmoja unamzuia mwenzake, na uzi unatulia. Uloweke, uukamue, uuanike ukiwa umevutwa kidogo, na unakuwa tayari kwa sindano.