Je, wajua kwa nini chama huunda serikali peke yake ilhali wapiga kura wengi hawakukichagua?

Julai 2024, redio ilipotangaza kwamba chama cha Labour kimepata viti 411 kati ya 650 vya Bunge la Uingereza, tulikuwa barazani Ngamiani, hapa Tanga, nami nikashikilia kwamba zaidi ya nusu ya wapiga kura wamekichagua. Nilikosea: kilipata takriban asilimia 34 ya kura.

Kosa hilo ni la wengi, na chanzo chake ni neno "wingi". Wingi unaounda serikali huko ni wa viti bungeni, yaani zaidi ya nusu yake, wala hakuna anayejumlisha kura za nchi nzima ili kumpata mshindi. Tuchukue timu yetu ya soka, Coastal Union: ikishinda mechi tatu kwa bao moja moja, kisha ikafungwa matano katika ya nne, ina pointi tisa ingawa imefungwa mabao mengi kuliko iliyofunga. Kura ni mabao, jimbo ni mechi, na ushindi mkubwa wa jimbo moja haukopesheki kwa jingine. Tena jimboni hushindana zaidi ya wawili, hivyo mwenye kura 34 katika kila 100 huwashinda wawili wenye 33 kila mmoja, na kura 66 hubaki bila kiti.

Visiwani Zanzibar, ng'ambo ya bahari yetu, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata takriban asilimia 54 ya kura Julai 1963, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na ushirika wa vyama viwili vingine, ZNP na ZPPP. Hata hivyo, mfumo huu hauhakikishii chama chochote wingi. Uingereza yenyewe iliukosa mwaka 2010 na 2017.

Anayeongoza chama chenye wingi huitwa na Mfalme kuunda serikali. Miaka mitano ya Bunge ni kikomo tu, kwani Waziri Mkuu aweza kuomba livunjwe mapema, na wingi wenyewe huweza kuyeyuka njiani. Serikali ya Labour iliyochaguliwa Oktoba 1974 ikiwa na ziada ya viti vitatu juu ya vyama vingine vyote kwa pamoja iliipoteza kupitia chaguzi ndogo na wabunge waliohama, na usiku wa Machi 28, 1979, ikaangushwa bungeni kwa kura za wabunge 311 dhidi ya 310.